Mwalimu Mgeni Nchini Korea

Mwalimu mlezi wa chama aliponipigia simu kuniomba niandike machache juu ya miaka miwili niliyofundisha Korea Kusini, sikuwa na budi kukubali. Jarida hili ndilo lililochapa maandishi yangu ya kwanza nilipokuwa kidato cha pili. (Lilikuwa shairi. Tafadhalini msilitafute.) Tangu nirudi, kila nikikanyaga uwanja wa shule hii naulizwa maswali yale yale. Ulifikaje huko? Ulikuwa ukila nini? Na ni kweli wanakula mbwa? Hilo la mwisho nalijibu haraka ili tuendelee: kwa miaka miwili sikumwona mezani hata siku moja, na mnamo Januari 2024 bunge lao lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku biashara hiyo, adhabu zake zikipangwa kuanza mwaka 2027. Haya, tuzungumze mengine.

Kwanza ni lazima niseme ukweli mmoja ambao wengi wetu hatuujui. Hapa kwetu watu hudhani kwamba Mkenya aliyesoma Kiingereza vizuri anaweza kupanda ndege kesho akafundishe Kiingereza Korea. Hata mimi nilidhani hivyo. Niliandikia shule moja ya binafsi ya huko, nikaambatisha vyeti vyangu vyote, na nikajibiwa kwa mistari miwili. Viza ya kufundisha mazungumzo ya Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Unaweza ukazungumza Kiingereza kama maji ya mto, lakini pasipoti yako ikishafunguliwa mazungumzo yameisha. Niliumia, sikufichi.

Kilichonipeleka ni Kiswahili. Naam, hiki hiki ambacho wengine hapa hukitegea kipindi cha jioni! Kiswahili kinasomeshwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo, na Korea nako kipo. Hankuk University of Foreign Studies, kwa mfano, imekifundisha kwa miongo kadhaa. Mimi nilipata kandarasi ya uhadhiri katika chuo kimoja nje kidogo ya Seoul, kwa viza ya wahadhiri, ambayo haina habari na zile nchi 7. Baba yangu, ambaye siku nilipochagua Kiswahili chuoni aliniuliza kama nataka kwenda kuuzia watu sukuma wiki kwa ufasaha, alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege akiwa amevaa suti.

Nilimwacha binti yangu wa miaka 7 kwa nyanyake. Nitamrudia baadaye.

Nilitua Incheon mwishoni mwa Februari 2023, maana muhula wao wa kwanza huanza mapema Machi. Nilikuwa nimevaa koti zito la mtumba nililolinunua Gikomba nikijiona nimemaliza kazi. Lo! Baridi ya kule haibishi hodi. Ilipita ndani ya koti kama mwenye nyumba. Lakini siku ile ile ya kwanza nilipata kitu cha kunifariji, na kwa kuwa ni cha Kiswahili kabisa, acheni niwaeleze vizuri.

Korea imeitangulia Kenya kwa saa 6. Nasi, mnavyojua, tunahesabu saa tangu macheo, kwa hivyo akrabu ikiwa juu ya 7 sisi husema saa moja. Sasa tazameni. Nyumbani kukiwa saa moja asubuhi, saa ya ukutani mjini Seoul inaonyesha 1, kwa kuwa kwao ni mchana. Nyumbani kukiwa saa tisa alasiri, Seoul ni usiku na saa inaonyesha 9. Kwa maneno mengine, saa yangu ya mkono, niliyoirekebisha kwa saa za Kikorea, ilikuwa ikinisomea saa za Kiswahili za nyumbani bila mimi kujumlisha wala kutoa. Nikiitazama naona 1, basi najua mtoto anavaa sare. Nikiona 10, mtoto ametoka shule. Wenzangu Wamarekani walikuwa wakihesabu vidole kila wanapotaka kupiga simu kwao. Mimi nilikuwa natazama tu.

Mambo ya karatasi nitayapitia mbio. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 lazima ajiandikishe kabla siku hizo hazijaisha, apewe kadi ya ukaazi. Bila kadi hiyo wewe ni kivuli. Laini ya simu ya mkataba hupati, akaunti ya benki ni taabu, na huwezi kununua kitu mtandaoni kwa sababu kila pahali wanataka nambari iliyo kwenye kadi. Kisha kuna jina. Jina la Mkorea kwa kawaida huwa silabi tatu: ya ukoo moja na mbili zake. Langu ni majina matatu marefu, na lazima liandikwe sawasawa na pasipoti, herufi kwa herufi. Karani wa benki aliandika, nafasi ikamwishia, akafuta, akaandika tena, akaniinamia kuomba msamaha kana kwamba ni yeye aliyenibatiza. Bima ya afya sikuchagua. Tangu Julai 2019 wageni wanaokaa zaidi ya miezi sita ni lazima wawemo.

Chumba changu kilikuwa kimoja, jiko pembeni na choo humo humo. Mlango hauna ufunguo, ni wa kubonyeza nambari. Viatu huvuliwa mlangoni, na hilo halikunipa shida. Kilichonishangaza ni sakafu. Wakorea hupasha moto nyumba kwa kupitisha joto chini ya sakafu, desturi ya kale wanayoiita ondol. Zamani ulikuwa ni moshi wa jiko uliopita chini ya mawe, siku hizi ni mabomba ya maji moto. Usiku wa Machi, nje maji yameganda, wewe umelala chini kama andazi kwenye kikaango. Nilielewa kwa nini wazee wao hupenda kuketi sakafuni.

Na sasa takataka. Msicheke. Kama kuna jambo lililotaka kunirudisha nyumbani kabla ya baridi, ni takataka. Tangu mwaka 1995 nchi nzima hutumia mifuko maalumu ya kulipia. Unainunua dukani, na lazima iwe ya wilaya unayoishi. Ya wilaya jirani haifai. Karatasi mbali, plastiki mbali, chupa mbali, mikebe mbali. Mabaki ya chakula nayo yana pipa lake, kwa sababu sehemu yake hugeuzwa kuwa lishe ya mifugo au mbolea. Mimi nilipika kuku, nikala, nikatia mifupa kwenye pipa la chakula. Kwani mifupa si chakula? Kesho yake asubuhi nikasikia mlango unagongwa. Nafungua, nakuta ajuza wa chumba cha chini, kimo chake kinanifika kifuani, ameshika mifupa yangu ndani ya karatasi. Alisema maneno mengi. Mimi sikuelewa hata moja, ila ile sauti niliijua: ni sauti ya nyanya yangu akikuta nimefagia nikaacha pembe za nyumba.

Baadaye nilifahamishwa kwamba kanuni ni rahisi. Asichoweza kula mnyama si chakula. Mifupa, maganda ya mayai, makokwa, maganda ya vitunguu, vyote ni takataka za kawaida. Nilikwenda kumwomba radhi yule ajuza na machungwa manne. Nilimpa kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, kama nilivyolelewa kwetu Magharibi kila ninapompa mzee kitu. Mama yule akasimama akanitazama. Kumbe kwao pia kitu cha mkubwa hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, na ukimpa mkono wa salamu unaushika kiwiko kwa mkono wa kushoto. Toka siku hiyo nikawa mjukuu. Akiniona ngazini ananiuliza, "Bap meogeosseo?" yaani, umekula wali? Ndiyo salamu yao, kama vile sisi tunavyouliza habari za asubuhi. Nisipojibu upesi naletewa sahani ya kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Wiki ya kwanza ilinichoma. Mwezi wa tatu nilikuwa naitafuta kama mtu anayetafuta chumvi.

Kuhusu chakula chenyewe sina malalamiko. Wali, supu, samaki, na vibakuli vidogo vidogo visivyo na idadi. Vijiti vyao ni vya chuma na vinateleza. Siku ya kwanza katika bwalo la chuo nilimrushia mhadhiri mwenzangu chipukizi la maharagwe kwenye tai. Unga wa ugali niliupata Itaewon, mtaa wa Seoul wenye maduka ya wageni na msikiti mkuu uliofunguliwa 1976. Kwenda na kurudi ilikuwa safari ya karibu saa tatu, lakini ugali ni ugali.

Nije kwenye umri. Siku hiyo hiyo ya chipukizi, kabla hata sijamaliza kufuta tai ya mtu, mwenzangu mwingine aliniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nilikasirika. Mwanamke mzima unamuuliza umri mezani? Lakini hakuwa na ujeuri. Katika Kikorea huwezi kumaliza sentensi bila kujua unasema na nani, maana kitenzi huja mwisho na mwisho wake ndio hubeba heshima. Kuna mwisho wa kumwambia rafiki, mwisho wa kumwambia mkubwa, na mwisho wa hotubani. Aliyekutangulia shuleni kwa mwaka mmoja ni seonbae wako, na aliye nyuma yako ni hubae. Sisi tuliokuwa mono katika mabweni ya shule hii tunalijua jambo hilo, tofauti ni kwamba wenzetu wameliweka ndani ya sarufi. Mwalimu huitwa seonsaengnim, na hiyo "nim" ya mwisho ni heshima tupu. Hata mama anayepika mkahawani hasemeshwi hivi hivi, huitwa "imo", yaani mama mdogo.

Umri wenyewe nao ulikuwa na visa vyake. Kwa desturi yao mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja, kisha kila mtu huongeza mwaka tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa tarehe 31 Desemba kesho yake ana miaka miwili! Tarehe 28 Juni 2023, nikiwa huko, sheria ilianza kuhesabu umri kama mataifa mengine, na watu wakawa wanachekeana kwamba wamerudi ujanani.

Lakini sasa niingie darasani, maana huko ndiko kwenye uchungu.

Nilikuwa na wanafunzi 23 wa mwaka wa pili. Siku ya kwanza niliingia na kishindo changu cha Kikenya: "Hamjambo!" Wakajibu "Hatujambo" kwa pamoja, vizuri kabisa. Nikauliza swali. Kimya. Nikauliza jingine jepesi zaidi. Kimya. Wameinamisha vichwa, kalamu mkononi, hakuna anayenitazama machoni. Wiki ya pili, hivyo hivyo. Wiki ya nne, hivyo hivyo. Hapa kwetu darasa lililonyamaza ni darasa lililomkataa mwalimu, au sivyo? Nikaanza kujiambia kwamba hawanitaki. Nikakumbuka yale majibu ya mistari miwili. Jioni narudi chumbani naongea na mtoto kwenye simu, ananiuliza, "Mama, wanafunzi wako wana adabu?" Nasema ndiyo, wana adabu sana, na baada ya kukata simu nalia. Katikati ya Aprili, nje maua ya micheri yamejaa watu wanapigwa picha, mimi niliandika barua ya kuacha kazi. Niliitia kwenye droo nikasema nitaipeleka Ijumaa.

Alhamisi nilikunywa kahawa na mhadhiri mmoja Mkorea aliyewahi kuishi Dar es Salaam. Sikumwambia habari za barua, nilimwambia tu kwamba darasa langu ni makaburi. Akacheka. Akaniuliza kama ninajua nani ni mkubwa wa nani mle ndani. Sikujua. Wavulana wao wote hutakiwa kwenda jeshini, takriban mwaka mmoja na nusu, na wengi huenda katikati ya masomo, kwa hivyo darasani nilikuwa na vijana wa miaka 19 pamoja na wanaume wa miaka 24 au 25. Mdogo hawezi kumtangulia mkubwa kujibu. Mkubwa naye hataki kukosea mbele ya wadogo. Na anayejibu kila mara, hata akipatia, anaonekana anajionyesha. Kimya kile hakikuwa dharau. Walikuwa wanalinda nyuso za wenzao, na yangu pia, kwa sababu kumwambia mwalimu "sijaelewa" ni kama kumwambia hakufundisha vizuri. "Wewe unawauliza wote kwa pamoja," akasema, "na kule wote kwa pamoja ni hakuna."

Ijumaa barua ilibaki kwenye droo. Niliwagawa kwa makundi ya watu wanne wanne, kila kundi lishauriane kwanza kisha mmoja alete jibu la wote. Wakaanza kunong'ona. Somo lilikuwa familia. Nikaona nami nijitolee, niseme sentensi yangu kwa Kikorea: nina binti mmoja. Binti kwa Kikorea ni "ttal", na hiyo t ya mwanzo hukazwa kooni kama unazuia kikohozi. Mimi nikaitamka kilegevu, ikatoka "dal". Darasa likalipuka kwa kicheko, miezi miwili ya kicheko kwa mpigo. Nilikuwa nimewaambia, "Nina mwezi mmoja nyumbani Kenya."

Yule mkubwa wao, aliyerudi kutoka jeshini, akasimama, akainama kidogo, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, tena." Akanirudisha neno lile mara kumi, hata nikalipata. Nikasema haya, sasa zamu yenu. Kikorea hakitofautishi l na r kama sisi, nacho hakina f, wala v, wala z. Nikampa "mahali". Akasema "mahari". Nikamweleza kwamba ameniuliza ng'ombe wangu wako wapi. Nikampa mwingine "kupiga kura". Akanipigia "kula". Msichana mmoja aliyechelewa akafungua mlango katikati ya kelele zile, akainama, akasema, "Samahani Mwalimu, nimepika." Alitaka kusema amefika. Tangu siku hiyo hatukuwa na darasa la kimya tena. Kila kipindi kilianza kwa mimi kusoma sentensi tatu za Kikorea na wao kunisahihisha, kisha tunageuka. Na mara kwa mara waliniuliza, kwa Kiswahili, "Mwezi wako hajambo?" Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sahihi kabisa, walikuwa wanamaanisha mtoto.

Kuandika Kikorea, niseme kwa wale wanaoogopa, hakukunichukua hata wiki. Mfalme Sejong aliwatengenezea watu wake herufi zao mwaka 1443 na kuzitangaza 1446. Leo ni 24, nazo zinasomeka zilivyoandikwa, kama Kiswahili. Siku ya walimu huadhimishwa tarehe 15 Mei, ambayo ndiyo siku ya kuzaliwa kwake. Siku hiyo mwanafunzi mmoja aliniletea kopo la kahawa nikaanza kumshukuru, mwenzangu akanivuta pembeni. Kuna sheria dhidi ya hongo, iliyoanza kutumika Septemba 2016, na mwanafunzi unayempa alama haruhusiwi kukupa hata kahawa. Ua la karnesheni linalotolewa hadharani na mwakilishi wa wanafunzi, hilo sawa. Nilimrudishia kopo kwa mikono miwili. Huo ni utaratibu ambao nilitamani kuurudisha nao kwenye sanduku.

Kandarasi yangu iliongezwa mwaka mmoja. Ilikuwa imebaki majuma machache tu iishe, usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol alipotokea kwenye televisheni akatangaza utawala wa kijeshi. Nilikuwa nimetoka kwenye basi wakati huo huo. Watu kituoni wakatoa simu zao, wakasimama wima, hakuna aliyesema neno. Nilitazama saa yangu: 10 na nusu. Nyumbani, basi, ilikuwa saa kumi na nusu jioni, na nyanyake mtoto angefungua redio wakati wa taarifa. Nilikimbia. Ngazini ajuza wa chini alikuwa amesimama na koti juu ya nguo za kulala. Wazee kama yeye waliishi chini ya majenerali, hawahitaji kuelezwa. Akanisukumia ndani kwa mikono yake miwili, akaniashiria nifunge mlango.

Baada ya saa saba usiku wabunge walipiga kura kuupinga, na kabla hakujapambazuka ukawa umeondolewa. Lakini wakati ule mimi sikujua. Nilikuwa nimeketi kwenye sakafu yenye joto, simu mkononi, sijui nianze kumpigia nani. Ikalia yenyewe. Alikuwa yule msichana aliyezoea kuchelewa.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka, "umepika nyumbani?"

"Nimepika," nikamjibu. "Na wewe, umepika?"